Jinsi ya Kumpendekeza Mwalimu au Mfanyakazi wa Elimu Maalum Atuzwe: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Lamu

Muhula wa tatu ukikaribia, barua huanza kufika kwa walimu wakuu, na nyingi zina maneno yaleyale: “Mwalimu wetu ana moyo wa pekee. Anawapenda watoto wetu na kuwavumilia. Mungu atamlipa.” Barua hugongwa mhuri, huvuka maji hadi ofisi za Mokowe, upande wa bara, na huko hulala. Mwaka unaofuata mzazi huandika tena vilevile, na jibu huwa lilelile: kimya.

Mwalimu anastahili. Kasoro iko kwenye barua. Afisa mwenye rundo la majina mezani hana namna ya kupima moyo wa mtu; anachoweza kupima ni kazi. Hatua zilizo hapa chini zinakufundisha kuiandika kazi hiyo.

Mwongozo ni wa mzazi, mjumbe wa bodi ya usimamizi wa shule (BOM) au mwalimu mwenza, awe Amu (mji wa Lamu), Mokowe, Mpeketoni, Witu au visiwani upande wa Faza. Aliye Malindi atafuata hatua hizihizi, ila ofisi zake ni za Kaunti ya Kilifi.

## Kwa nini asipoandikiwa hatajwi

Siku ya zawadi shuleni kinachosomwa ni alama. Nani ameongoza, darasa gani limepanda, somo gani limeshuka. Mwanafunzi wa elimu maalum anayefuata mtaala wa hatua, ule unaoanzia ngazi ya msingi, ukaenda ya kati, kisha maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe, hayumo kwenye hesabu hiyo. Na mwalimu wake hayumo pia. Anaweza kukaa miaka akimfundisha mtoto kula, kuvaa, kuhesabu chenji na kusema jina lake, na kwenye ubao wa heshima asiwe na hata mstari.

Ndiyo maana yeye anahitaji mtu wa kumwandikia kuliko mwalimu wa hisabati wa darasa la jirani.

## Andaa vitu hivi kwanza

Usianze kuandika kabla hujavipata. Barua nyingi hufa kwa sababu ziliandikwa usiku mmoja.

- Tangazo la tuzo unayoilenga, nakala kamili yenye masharti na tarehe ya mwisho. Usitegemee maelezo ya kusimuliwa barazani.
- Daftari moja gumu la kuandikia ushahidi, lenye tarehe kila ukurasa.
- Mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, ule ambao mwalimu huandaa kwa kila mwanafunzi wake, kwa watoto utakaowataja tu.
- Ridhaa ya wazazi wa watoto hao, kwa maandishi na saini.
- Utambulisho wa anayependekezwa: namba ya TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu) kwa mwalimu, barua ya ajira ya bodi kwa mfanyakazi asiye mwalimu.
- Mashahidi watatu wasiotoka nyumba moja.
- Kalenda ya muhula, na kwa wa visiwani, hesabu ya maji ya wiki ile ya sherehe. Sababu utaiona mbele.

## Hatua ya 1: Amua unampeleka wapi

Kuna ngazi nne, na barua ya moja haifai kwa nyingine.

Ya kwanza ni shule yenyewe. Bodi ina uwezo wa kumtuza mtu wake bila kuomba ruhusa ya ofisi yoyote. Hapa ndipo pa kuanzia, hasa kwa mpishi, matroni, msaidizi wa darasa na bawabu, kwa sababu wengi wao wameajiriwa na bodi na TSC haiwajui.

Ya pili ni ofisi za elimu na za TSC za kaunti ndogo na kaunti. Hizi hushughulika na mwalimu aliyesajiliwa. Ulizia mapema kama mwaka huo kuna utambuzi wowote uliopangwa.

Ya tatu ni tuzo za mashirika na za kimataifa. Iliyovuma zaidi kwetu ni Global Teacher Prize, ambayo mwaka 2019 ilikwenda kwa Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko, Kaunti ya Nakuru, pamoja na dola milioni moja. Yeye hakuwa mwalimu wa elimu maalum, lakini angalia kilichotajwa alipotuzwa: wanafunzi wake walikuwa wamepata nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya sayansi Arizona, Marekani, na klabu yao ilikuwa imezalisha umeme kwa mimea ya huko kijijini. Ukarimu wake ulitajwa sana, ila nyuma yake palikuwa na kazi ya watoto inayoonekana.

Ya nne ni heshima za kitaifa zinazotolewa na Rais chini ya sheria ya mwaka 2013, ikiwemo ile ya HSC (Pongezi za Mkuu wa Nchi). Hii ni ya mtu mwenye rekodi ndefu. Usimrukishe mwalimu wa miaka miwili hadi Ikulu, utamchosha bure.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja tuzo moja, ofisi moja na tarehe moja. Ukiwa bado unasema “popote pale”, rudi mwanzo.

## Hatua ya 2: Mwulize mwenyewe

Watu hupenda kumshtukiza mwalimu. Msifanye hivyo. Utahitaji namba yake ya TSC, vyeti vyake na nafasi ya kukaa darasani mwake, na hivyo havipatikani kwa siri.

Isitoshe, wengine hawapendi. Mwalimu mwanamke anaweza kukubali jina lake lisomwe lakini asitake picha yake isambazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mji mzima. Mwingine ameomba uhamisho kimyakimya na hataki kelele. Mwendee baada ya vipindi, mwamkie, mweleze: “Mwalimu, sisi wazazi tumekaa tukaonelea tukupendekeze. Je, una idhini?” Akisita, mpe siku chache. Akikataa, mwandikieni barua ya shukrani ya kawaida na mwache.

Onyo. Kabla hujamwuliza, hakikisha hakuna lalamiko la mtoto dhidi yake. Adhabu ya viboko imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na mtoto asiyeweza kusema ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa hana wa kumshtakia. Kama wazazi wananong’ona kuhusu mtu fulani, nong’ono hilo lifuatiliwe kwanza. Simu ya watoto ya bure ni 116. Kumtuza anayepiga ni kuwafunga midomo wazazi waliobaki.

## Hatua ya 3: Chukua ridhaa ya wazazi

Barua yako itapita mezani kwa karani, mwalimu mkuu, afisa wa elimu na kamati. Ukiandika humo jina la mtoto, ugonjwa wake na mtaa wake, umemtangaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na taarifa za afya zina ulinzi wa ziada.

Andika karatasi fupi ya Kiswahili chepesi, umsomee mzazi asiyesoma, itaje mambo matatu: nini kitaandikwa kuhusu mtoto, nani atakisoma, na kwamba mzazi anaweza kujitoa wakati wowote. Kisha hata baada ya ridhaa tumia herufi moja tu: mtoto M., mtoto K. Picha ya uso wa mtoto haihitajiki kabisa. Picha ya ubao wa mawasiliano au ya ngazi iliyogeuzwa mteremko wa kiti cha magurudumu husema zaidi.

Ikiwa mtoto ni mkubwa na anaelewa, mwulize na yeye, kwa ishara, kwa picha, kwa njia yake. Watu husahau hili kila mara, na mimi huona ni aibu.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi muhula mzima

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huruka. Jipe angalau muhula mmoja. Ukitaka kupeleka barua Septemba, fungua daftari Mei.

Kila ukurasa uwe na mambo matatu: mtoto alikuwa wapi, mwalimu alifanya nini hasa, mtoto yuko wapi sasa. Likikosekana moja, ukurasa huo haufai. La katikati ndilo hukosekana zaidi. Mzazi hujua mwanawe alikuwa hasemi na sasa anasema, ila hajui mwalimu alipita njia gani. Nenda ukaulize. Bora zaidi, omba kukaa darasani asubuhi moja uone.

Cha kuangalia hutofautiana kwa mtoto na mtoto:

Kwa mtoto kiziwi, uliza kama mwalimu anaijua Lugha ya Ishara ya Kenya vizuri au anabahatisha. Je, ameifundisha familia? Mama anayeweza kumwuliza bintiye “umeota nini?” kwa mikono yake ni ushahidi mzito kuliko cheti. Wanafunzi wanaosikia uwanjani nao wanajua ishara ngapi? Mwalimu mzuri huacha alama hadi kwa muuza maandazi wa langoni.

Kwa mtoto asiyeona, tazama nukta nundu na tazama mwendo. Hapa Amu vichochoro ni vyembamba, punda wanapita na mizigo ya mawe, na mtaro uko wazi mahali pengi. Msaidizi aliyemfundisha msichana kutoka mtaa wa Langoni hadi shuleni akihesabu pembe za nyumba kwa fimbo, akisikiliza kwato na kujibana upande wa baraza punda akipita, amefanya kazi ya kitaalamu. Andika: zamani alishikwa mkono na nani, kuanzia lini anakwenda mwenyewe, na umbali gani.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, angalia mambo ya kila siku: choo, nguo, chakula, zamu, kusubiri. Hesabu dakika, hesabu hatua. “Anavaa shati na kufunga vifungo viwili vya juu mwenyewe” ni sentensi nzuri sana. “Amebadilika” ni sentensi tupu. Watoto wa ngazi ya kati wana tathmini yao ya kitaifa, KILEA, na kumbukumbu za mwalimu za tathmini hiyo zitakusaidia.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, uliza anakaaje, analaje, anasafirije. Nani aligundua kuwa dawati lilikuwa refu mno? Nani alikwenda kwa seremala?

Usiache kazi inayofanyika nje ya darasa. Kuna mwalimu anayepanda mashua siku ya mapumziko kwenda kuzungumza na baba aliyemficha mwanawe ndani. Kuna anayefuatana na mama hadi kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalum, kile tunachokiita EARC, ili mtoto apangiwe shule inayomfaa. Kuna aliyesoma kwa pesa zake kozi za Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyopo Nairobi tangu 1986, likizo zake zikiishia huko. Yote haya yaandikwe na tarehe.

Onyo. Usichukue mafanikio ya mtoto mmoja mwepesi ukayafanya ya darasa zima. Kamati yenye macho itauliza kuhusu wengine. Chagua watoto watatu tofauti, na mmoja wao awe yule ambaye maendeleo yake ni madogo. Mwalimu anayejulikana kwa mtoto wa hatua ndogo ndiye hasa unayemtafuta.

Umefaulu ukimpa daftari mtu asiyeijua shule yako, akasoma kurasa tano, akakueleza bila msaada wako mwalimu huyu anafanya nini siku ya Jumatatu.

## Hatua ya 5: Andika barua

Ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili. Mpangilio ni huu: nani unampendekeza na kwa tuzo ipi, mifano mitatu kutoka kwenye daftari, aya moja ya kazi yake kwa shule na jamii, majina ya mashahidi, saini.

Ione tofauti. Barua dhaifu husema:

*“Mwalimu huyu ni malaika. Anawavumilia watoto hawa ambao wengine wangewakimbia. Amejitolea mhanga.”*

Sasa soma mfano wa barua inayosimama:

*“Mwezi wa Januari mtoto M., wa miaka 9, alikuwa hakai darasani zaidi ya dakika tano. Kengele ikilia alikimbilia barazani akaziba masikio. Mwalimu aliomba kengele iliyokuwa karibu na darasa hilo ihamishwe. Akabandika ukutani picha sita za mpangilio wa siku, na kabla ya kila shughuli kubadilika humwonyesha M. picha inayofuata. Kufikia Juni M. anakaa kipindi kizima cha dakika 30, na shughuli ikiisha huiondoa picha mwenyewe. Nyumbani tumebandika picha kama hizo pembeni mwa kitanda. Sasa anavaa sare bila kulia.”*

Hakuna neno moja la sifa humo, na bado kila msomaji ameshamjua mwalimu.

Tazama pia barua dhaifu ilivyomfanyia mtoto. Ukisema mwalimu “anavumilia”, umesema mtoto ni adha. Ukisema “wengine wangewakimbia”, umewaambia wakubwa wa elimu kwamba watoto wako ni wa kukimbiwa. Wazazi huandika hivi kwa nia njema kabisa, kisha barua husomwa kwa kipaza sauti mbele ya mtoto mwenyewe. Mimi nikipewa rasimu, kalamu nyekundu huanzia hapo: *malaika, kuvumilia, watoto hawa, wasiojiweza, huruma, mhanga*. Futa yote. Weka kitenzi badala yake: alihamisha, alibandika, alifundisha, alipima, alirudia.

Tahadhari nyingine mbili ndogo. Usimlinganishe na mwalimu mwingine wa shule hiyohiyo, kwa jina wala kwa fumbo. Mji ni mdogo. Na usiandike kwa Kiingereza cha kuazima kama Kiswahili ndicho unachokimudu. Kiswahili ni lugha rasmi ya taifa. Tuzo ikidai Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili kisha mpe mtu akutafsirie, la sivyo utapoteza vitu vidogovidogo vyote ulivyovikusanya.

## Hatua ya 6: Wasio walimu waandikiwe peke yao

Usimtie mpishi kwenye aya ya mwisho ya barua ya mwalimu, “pia tunawashukuru wafanyakazi wengine”. Aya hiyo haijawahi kumpa mtu chochote. Kila mmoja apate barua yake.

Tatizo ni kwamba kazi yao haina karatasi. Mwalimu ana azimio la kazi, ana mpango wa mtoto, ana fomu za kutathminiwa na TSC. Mpishi ana sufuria. Kwa hiyo utalazimika kwenda kutazama.

Kaa jikoni saa ya uji. Mtoto K. ana mtindio wa ubongo na uji mwepesi humpalia. Mpishi huuchota wa K. kwanza kando, huurudisha motoni hadi ugande kwenye mwiko, kisha huupoza kwenye kisahani. Humkalisha K. wima, kidevu kimeinama kidogo, humpa kijiko cha chai badala ya kijiko kikubwa, na hamwongezi hadi aone koo limemeza. Huchukua muda mrefu na wenzake wanaosha vyombo wakimngoja. Muulize nani alimfundisha. Pengine ni muuguzi, pengine ni mama K., pengine aligundua mwenyewe baada ya kuona mtoto anakohoa. Jibu hilo ndilo barua yako.

Fanya vivyo hivyo kwa matroni wa bweni anayejua mtoto yupi huamka na kifafa na amlaze kwa ubavu. Kwa bawabu anayemjua mtoto anayependa kutoroka kuelekea ufukweni na ameweka kiti chake pale pale penye njia hiyo. Kwa msaidizi wa darasa anayebadilisha nguo za mtoto mkubwa nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, ili asiaibike. Hili la mwisho liandikwe kwa staha, bila herufi ya jina hata moja.

Nahodha anayevusha wanafunzi huenda si mfanyakazi wa shule, lakini bodi inaweza kumshukuru kwenye ngazi ya shule. Kama anasubiri hadi mtoto wa kiti cha magurudumu abebwe na kukalishwa sawasawa ndipo awashe mashine, na wote huvaa jaketi la kuokolea, ameshatimiza sharti.

Onyo. Usimtuze mfanyakazi wa bodi kwa cheti wakati mshahara wake umecheleweshwa miezi. Lipeni kwanza. Cheti juu ya deni ni dhihaka, na kila mtu uwanjani atajua.

## Hatua ya 7: Mashahidi na mihuri

Mashahidi watatu wanatosha: mzazi wa mtoto aliyetajwa, mwalimu mwenza au afisa wa elimu aliyewahi kuingia darasani humo, na mtu wa jamii kama mzee wa mtaa au muuguzi. Kila mmoja aandike mistari michache kuhusu alichokiona kwa macho yake. Aliyesikia tu asiandike.

Kiongozi wa siasa asiwe shahidi. Msaada wake leo utageuka bango kesho.

Mhuri wa shule, tarehe, ukurasa namba 1 kati ya 2. Basi.

## Hatua ya 8: Peleka na ufuatilie

Toa nakala tatu: moja ya ofisi, moja ya shule, moja yako. Peleka kwa mkono ikiwezekana, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ndiyo silaha yako barua ikipotea. Ukituma kwa barua pepe, skani kurasa zote kwenye faili moja. Picha saba za simu zilizopinda hazifunguliwi na mtu.

Subiri wiki mbili, kisha piga simu kwa adabu. Usimwulize “mmefikia wapi?” Uliza: “Barua iliyopokelewa tarehe fulani iko kwa afisa gani sasa?” Swali la kwanza hujibiwa “inashughulikiwa”. La pili linahitaji jina.

Umefaulu ukijua jina la afisa na siku ya kikao.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani ni 3 Desemba, na inavutia, lakini shule zimefungwa. Watoto wenyewe watakuwa makwao Kizingitini na Siyu. Siku ya Walimu Duniani ni 5 Oktoba, ndani ya muhula, na ndiyo ninayoipendekeza. Mashujaa, 20 Oktoba, inafaa kama kaunti imekubali kumtaja mtu wenu kwenye sherehe zake.

Kwa shule inayopokea wazazi wa visiwani, angalia maji kabla ya kuchapisha kadi. Boti za upande wa Faza hupita mkondo wa Mkanda, na maji yakitoka wazazi watakaa mchangani wakitazama saa. Pangeni sherehe iwaruhusu kuja na kurudi na maji ya siku hiyohiyo. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa zaidi, na kumpandisha mtu wa kiti cha magurudumu gatini wakati wa kupwa ni mtihani.

Kisha yafuatayo:

Mkalimani wa lugha ya ishara asimame pale wanapomwona, mwanga ukiwa mbele yake, si mgongoni. Bunge letu linatambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Ua wa shule hauwezi kushindwa. Jukwaa liwe na mteremko au msiwe na jukwaa kabisa. Spika ziwe mbali na watoto wanaoumizwa na kelele, na pawe na chumba kimoja kimya chenye mkeka. Aliyepangiwa kusoma majina ayasome mapema, maana hakuna kinachoumiza kama mpishi kuitwa kwa jina la mwenzake siku yake moja.

Msiwapange watoto mbele ya wageni wakasimame kama ushahidi. Wakitaka kuimba waimbe, wakitaka kuuza sabuni na mikeka waliyoitengeneza kwenye maandalizi ya ufundi, wauze kwa bei halali.

Kuhusu zawadi: mwalimu wa TSC ni mtumishi wa umma na sheria inaweka mipaka ya anachoweza kupokea. Bahasha ya pesa kutoka kwa wazazi ina matatizo, hasa ikiwa watoto wao bado wako darasani mwake. Cheti, leso yenye maneno yaliyochaguliwa vizuri au kofia ya vito ya kazi ya mkono, yote haya yatapokelewa bila maswali. Zawadi ninayoiona bora ni kitu anachokihitaji kazini: karatasi nzito za nukta nundu, zulia la darasa, mashine ya kulaminisha picha. Mwulizeni. Mpishi mwulizeni kuhusu jiko.

Hotuba za wageni zisizidi mbili. Barua yenyewe isomwe, mfano mmoja tu kati ya mitatu, na kwa ridhaa iliyotolewa tena siku ile.

## Ikirudi bila jibu, au imekataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni mojawapo kati ya hizi: tarehe ilipita, mtu hakukidhi miaka ya utumishi, au ushahidi ulikuwa wa mtoto mmoja. Zote zinatengenezeka.

Usiandike barua mpya kutoka mwanzo. Chukua ileile, badilisha tarehe, ongeza kurasa za muhula uliopita, hasa za yule mtoto wa hatua ndogo, kwa kuwa sasa ana miezi mingine ya kuonyesha. Nakala moja iingie kwenye faili la mwalimu shuleni na nyingine apewe mkononi. Akihamishwa kwenda bara, kazi yake ya hapa aende nayo. Mpishi au msaidizi asiye na faili popote, bodi imfungulie moja kwenye kikao kijacho na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jina lake kamili lilivyo kwenye kitambulisho.